Bastola ya Liège kwa Macho ya Mtu wa Kigali

Kigali hakuna maonyesho ya bunduki za kale. Silaha hapa ni jambo la jeshi, polisi na makumbusho, na raia anayetaka kumiliki hata moja hana budi kupitia mlango wa kibali. Kwa hiyo mtu wa mtaa wa Biryogo anayependa vyuma vya zamani hulazimika kwenda mbali ili ashike rivolva ya karne ya 19 mkononi mwake. Mimi ni fundi saa. Nilikwenda kumtembelea shangazi yangu anayeishi Liège, Ubelgiji, naye akanipeleka kwenye ukumbi ambako watu huuza na kubadilishana vitu vya kale: saa, medali, panga, ramani, na bastola. Nilifuata saa. Sehemu kubwa ya siku ile nikaimalizia mbele ya meza moja ya bastola, na tangu hapo nimekuwa nikisoma juu yake na kuingia kila makumbusho ninayoweza kufika. Mengine kati ya haya niliyajifunza kule, mengine baada ya kurudi nyumbani.

1. Usiguse kabla ya kukaribishwa, na ukishashika, hakikisha mwenyewe

Mwenye meza alikuwa mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Bukavu kabla ya uhuru wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kivu, chepesi na chenye furaha. Aliposikia shangazi akiniita, alitukaribisha kwa lugha yetu. Nikamwamkia shikamoo kama ninavyowaamkia wazee wa kwetu, naye akaitikia marahaba bila kusita.

Nilikuwa nimekazia macho rivolva moja yenye mpini wa mbao ya mjozi uliochongwa vimistari vya kukingamana, na pete ya kufungia kamba chini ya mpini. Mzee hakunipa mara moja. Alitandaza kitambaa, akanipa glavu za pamba, akafungua kidirisha cha kupakilia kilichoko upande wa kulia, kisha akaizungusha silinda tundu moja baada ya jingine hadi nikayaona yote sita yakiwa matupu. Ndipo akaniwekea mkononi, na akataka nirudie kazi ileile.

"Ona weye mwenyewe," aliniambia. "Usiniamini miye."

Alikuwa ameifungua mbele yangu muda mfupi tu uliopita, na bado alitaka macho yangu yathibitishe. Mtutu uelekezwe mahali pasipo na mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Nyundo isivutwe bila ruhusa ya mwenyewe, na isiachwe ikapiga mahali patupu, kwa sababu chuma cha zaidi ya miaka 100 kikivunjika, kipuri chake hakiuzwi popote. Watu wanaofanya mchezo wa sinema, wa kuzungusha silinda kwa kiganja, hawarudishiwi bastola mara ya pili kwenye meza ya mzee yule, na naona ana haki kabisa.

2. Soma chapa kabla ya kusikiliza hadithi

Hapa kazi yangu ilinisaidia. Fundi saa hatembei bila lenzi yake ya jicho, na nilipoiweka jichoni, chuma kilianza kueleza. Kwenye silinda palikuwa na alama ndogo yenye umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota chini yake. Hiyo ni chapa ya nyumba ya upimaji ya Liège, mji ambao umepima silaha rasmi tangu mwaka 1672. Upimaji wenyewe ni wa kikatili: mtutu hujazwa baruti nyingi kuliko ile ya matumizi ya kawaida, kisha hufyatuliwa. Ukipasuka, hautoki nje ya nyumba ile. Usipopasuka, hupigwa muhuri.

Mzee alinionyesha jambo ambalo mnunuzi mwenye haraka angelipita. Kuanzia mwaka 1893 lile yai liliwekewa taji juu yake. Chapa ya bastola niliyoishika haikuwa na taji. Jina lililochongwa kwenye mwili wa chuma lilikuwa Nagant, na muundo ulikuwa ule ambao jeshi la Ubelgiji liliuchagua kwa maofisa wake mwaka 1878, wa risasi za milimita 9. Kwa hiyo, bila karatasi yoyote na bila neno la muuzaji, tulijua kwamba ilitoka kiwandani kati ya mwaka 1878 na 1893.

Miaka hiyo 15 ina uzito kwa mtu wa upande wetu wa dunia. Ndani yake kuna Mkutano wa Berlin, kuundwa kwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1885, na Wajerumani kushika pwani yetu ya Waswahili. Nikiwa nimeinamia alama ndogo kuliko punje ya mtama, nilihisi damu ikinienda mbio.

Ndugu wawili, Émile na Léon Nagant, walikuwa mafundi wa mji huohuo. Jina lao lilisambaa zaidi kwa muundo wao wa mwaka 1895 uliochukuliwa na Urusi, wenye risasi saba badala ya sita, na ambao silinda yake husogea mbele nyundo inapovutwa ili kuziba mwanya kati yake na mtutu, gesi ya baruti isivuje. Kwa fundi, wazo hilo peke yake latosha kumkosesha usingizi. Ukivuta kifyatulio mara moja, silinda huzunguka, husogea, hujifunga, kisha nyundo huanguka, kila hatua ikiisubiri nyenzake.

3. Usikisafishe chuma hadi kikasahau kilikotoka

Kuhusu hali ya kitu cha kale, maoni ya watu wengi wa kwetu ni kwamba kinachong'aa ndicho chenye thamani. Nimewaona wateja wakiileta saa ya babu ikiwa imesuguliwa kwa majivu na dawa ya meno hadi jina la mtengenezaji limefutika, nao wakitarajia sifa. Kwenye bastola ya kale kosa hilo ni zito zaidi.

Chuma cha rivolva nzuri ya wakati ule kilitoka kiwandani kikiwa na rangi ya buluu iliyokolea, iliyopatikana kwa joto na kwa kemikali, na ilikaa juu ya chuma kama utando mwembamba sana. Jasho la mkono huila. Ala ya ngozi huila pale mtutu unapoingia na kutoka, kwa hiyo bastola iliyobebwa kweli hupauka kwanza kwenye ncha ya mtutu na kwenye mabega ya silinda. Mtathmini hukadiria ni asilimia ngapi ya rangi ya asili iliyobaki, tena hutazama ilipobaki: kwenye vipenyo, nyuma ya kifyatulio, chini ya mpini. Ikiwa buluu imejaa kila mahali lakini kingo za chuma zimekuwa za mviringo na herufi za chapa zimefifia, basi mtu alisugua kila kitu kwa msasa kisha akapaka upya. Bei huanguka, na kilichofutika hakirudi.

Kisha tazama skrubu. Skrubu zilinipa furaha kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya bastola ile. Fundi aliyejua kazi alitumia bisibisi iliyokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, na baada ya miaka 140 mfereji huo bado una kingo kali. Aliyefungua kwa kisu cha jikoni ameacha makovu. Skrubu moja tu yenye kovu inatosha kukuambia kwamba ndani palifunguliwa na mtu asiyejua, na uulize nini kilibadilishwa. Hapo ndipo nambari zinapohitajika: nambari ndogo zilizopigwa kwenye mwili, kwenye silinda, kwenye kidirisha na ndani ya mpini zifanane. Zikitofautiana, umeshika vipande vya bastola mbili au tatu zilizolazimishwa kuishi pamoja.

Ndani ya mtutu weka taa upande mmoja na jicho upande wa pili. Mifereji iliyosokotwa ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa, inatakiwa ionekane wazi. Baruti nyeusi ya zamani iliacha chumvi zinazovuta unyevu, na aliyefyatua bila kuosha mtutu siku hiyohiyo aliukuta na vishimo vya kutu. Na hewa yetu ya masika haina huruma. Ukiona kitu cha chuma cha miaka ile kimepitisha maisha yake yote kwenye Maziwa Makuu na ndani yake ni kioo, aliyekuwa nacho alikitunza.

Mafuta mepesi, kitambaa laini, mahali pakavu. Basi.

4. Liège ilitengeneza pia nakala, na nakala nayo inataka heshima yake

Karne ya 19 karakana za Liège zilitengeneza kila aina ya bastola iliyokuwa ikisifiwa duniani, zikiiga Colt na Smith & Wesson za Marekani, mara nyingine kwa leseni na mara nyingi bila. Mezani palikuwa na bastola ndogo za mfukoni za kila umbo. Moja ilikuwa ya aina iitwayo Velo-Dog, iliyobuniwa kwa ajili ya waendesha baiskeli wa Ulaya waliokuwa wakifukuzwa na mbwa barabarani. Ni kweli kabisa, na watu walizinunua kwa wingi.

Nakala nyingi zilitengenezwa na mafundi waliofanyia kazi nyumbani mwao, mmoja akichonga mpini, mwingine akitoboa silinda, mwingine akinakshi. Majina yao hayamo popote. Kilichobaki ni herufi za mkaguzi na ile chapa ya yai. Nimefanya kazi ya mikono tangu ujanani, na sikuweza kuidharau kazi ile kwa sababu tu haikuwa na jina kubwa juu yake.

5. Hadithi ya muuzaji isiyo na karatasi haiongezi bei

Thamani ya rivolva ya kale hujengwa na mambo manne: nani aliitengeneza na ni chache kiasi gani, hali yake, uasili wa vipande vyake, na ushahidi wa nani aliibeba. Hili la mwisho ndilo linaloweza kuizidisha bei mara nyingi, na ndilo linalodanganyiwa zaidi. Barua ya wakati ule, picha ya mwenyewe akiwa nayo, daftari la jeshi lenye nambari ileile: hayo ni ushahidi. "Ilikuwa ya ofisa aliyekwenda Kongo" si ushahidi, hata likisemwa kwa uso wa huzuni.

Nilimuuliza mzee kama bastola ile iliwahi kufika kwetu. Angeweza kuniambia ndiyo. Aliniona nilivyotaka kusikia ndiyo. Akasema hana karatasi, kwa hiyo hajui, na akanitajia bei isiyo na Kongo ndani yake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mambo yote aliyonifundisha siku ile.

Sikuinunua, wala sikuwa na nia. Ningeipeleka wapi?

6. Iulize bastola ni nani alikuwa upande wa pili wa mtutu

Baada ya kurudi Kigali nilianza kutafuta mahali ambapo rivolva ilisifiwa na kupimwa thamani katika nchi zetu, na nikaipata habari iliyonikaa rohoni. Mwezi Februari mwaka 1862, John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika kwenye ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza wa Buganda. Aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1863. Zawadi alizompa Kabaka amezitaja moja moja: hariri, saa ya dhahabu, darubini, kiti cha chuma, shanga, visu vya mezani na uma, bunduki ya Whitworth, karabini tatu, na bastola moja ya kuzunguka.

Kabaka alikuwa kijana, mwenye akili nyepesi na hamu ya kujua. Alitaka kuona kitu hicho kinafanya nini. Palikuwa na ng'ombe wanne wakitembea uani, akamwambia mgeni awaue. Speke akaomba aazimwe bastola aliyokuwa ameitoa zawadi, akawaangusha mmoja baada ya mwingine upesi upesi. Mmoja aliyejeruhiwa akamgeukia, naye akammalizia kwa risasi ya tano. Ikulu nzima ikashangilia. Kisha Kabaka akashika karabini moja, akaishindilia kwa mkono wake, akampa mtumishi mdogo wa ikulu na kumwagiza atoke nje akampige mtu risasi. Mvulana alitoka, akarudi na furaha ya mtoto aliyefanikiwa kazi aliyotumwa. Speke anasema Kabaka alimuuliza tu mvulana kama kazi ameifanya vizuri, na kwamba hakuna aliyeonekana kujali aliyeuawa ni nani.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Wapo wanaoitumia kumshutumu Muteesa peke yake, nami nakataa. Aliyempa mfalme kijana silaha hizo, risasi zake na fataki zake, ili apewe njia ya kwenda kwenye chanzo cha mto, naye yumo ndani ya ua ule, na mikono yake ndiyo iliyotoa onyesho la kwanza. Lakini kinachonisumbua zaidi ni yule mtu aliyepigwa risasi kule nje. Zawadi zote zimeandikwa, hadi idadi ya vitita vya shanga. Yeye hana jina. Hatujui alikuwa akitoka kuuza nini, wala nani alimsubiri jioni ile.

Tangu niisome, kila ninapoinama juu ya kisanduku cha kioo chenye bastola ya kale, mbali na jina la mtengenezaji na jina la ofisa, namtafuta na huyo.

7. Bunduki ilipofika, ilikuja na sheria ya nani aikose

Rwanda ilichelewa kuzijua bunduki. Wafalme wake waliwazuia wafanyabiashara wa pwani wasiingie ndani ya nchi, wakati Karagwe na Ujiji zilikwisha kuwa vituo vya misafara. Nchi ilikuwa na majeshi yenye majina, mafunzo na sifa za kukaririwa, na silaha zake zilikuwa mikuki, pinde na ngao. Mfalme Kigeli wa Nne Rwabugiri alizishinda nchi za jirani kwa hizo.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Ndani yake mna kifungu kilichozuia kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Mwafrika aliruhusiwa kuuziwa gumegume, bunduki ya jiwe la kuwashia yenye mtutu laini usio na mifereji. Zile zenye mifereji na za kujaziwa nyuma zilibaki kwa majeshi ya wakoloni na kwa watu waliopewa ruhusa. Kukomesha biashara ya watumwa lilikuwa jambo jema na la lazima, na silaha kweli ziliichochea. Lakini tazama tarehe ile pamoja na tarehe ya bastola ya Nagant. Mkataba uliandikwa katika mji mkuu wa nchi ileile ambayo karakana zake za Liège zilikuwa zikipiga chapa bastola usiku na mchana, na miaka sita tu baadaye, mwaka 1896, kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilipiga kambi Shangi, kusini mwa Ziwa Kivu. Jeshi la Rwanda likaenda kukitoa. Walikuwa wengi na mashujaa, na walikwenda na mikuki. Risasi ziliwamaliza, Bisangwa aliyewaongoza akiwa miongoni mwa waliokufa. Wanahistoria wengi wanaona kwamba kipigo cha Shangi ndicho kilichoufanya utawala wa kifalme usiwapinge Wajerumani kwa vita walipokuja.

Jambo hili linagusa nyumba yetu. Familia yetu husimulia kwamba mzee wetu wa kwanza kufika Kigali alikuja akiwa askari wa Wajerumani, kutoka upande wa pwani, katika miaka ambayo Mjerumani Richard Kandt alikuwa akiijenga Kigali kama kituo chake baada ya kukianzisha mwaka 1907. Watu wa namna yake ndio walioleta Kiswahili na Uislamu kwenye kilima hiki, na msikiti wa Al-Fatah wa mwaka 1913 ni ukumbusho wao. Askari wa kawaida hakupewa bastola. Bastola ilikuwa ya ofisa Mzungu, kwenye mkanda, alama ya cheo kabla ya kuwa silaha. Askari alibeba bunduki ya Mauser ya mfano wa 1871, ya baruti nyeusi, nzito, na ukifyatua moshi wake huwaonyesha maadui mahali ulipo. Hata vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa bado zikiitumia. Mwezi Mei mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigali, na zamu ya wenye bastola ikabadilika.

Kwa hiyo mzee wetu alikuwa nyuma ya mtutu, mbele ya watu ambao leo ndio majirani, wakwe na marafiki zangu. Sioni sababu ya kulificha. Ninapoitazama bunduki ya aina ile, naitazama kama mtu mwenye hisa ndani yake.

8. Macho ya Kigali hayawezi kuwa ya mkusanyaji tu

Mtoto wa marehemu kaka yangu aliniuliza, nilipomwonyesha picha za Liège, inakuwaje mtu wa Kigali apende bastola. Aliuliza kwa adabu, "baba mdogo" mbele na nyuma, lakini aliuliza kweli, na anastahili jibu la kweli.

Nilimpeleka Camp Kigali. Pale ndipo askari kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walipouawa tarehe 7 Aprili 1994. Kuta za jengo walilojikinga ndani yake zimeachwa na matundu yake, na nje zimesimamishwa nguzo kumi za mawe, moja kwa kila mmoja wao. Kisha tukapanda Kimihurura, kwenye jengo la Bunge, ambako tangu Desemba 2017 kuna makumbusho ya mapambano ya kukomesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Humo inaelezwa habari ya wanajeshi 600 wa RPF, chama kilichokuwa kimepigana na serikali ya wakati ule, waliofika Kigali tarehe 28 Desemba 1993 kwa mujibu wa Makubaliano ya Arusha, na jinsi walivyozingirwa hapo mauaji yalipoanza. Juu ya paa kuna sanamu ya wapiganaji na bunduki yao nzito ya rasharasha. Kuta za nje nazo zina makovu.

Nilimwambia kwamba ustadi na mauaji vyote viwili vimo ndani ya chuma kilekile. Mkono uliochonga vimistari vya mpini wa Nagant ulikuwa mkono wa fundi bora kuliko mimi. Na kitu alichokichonga kilikuwa cha kuulia. Anayeniambia niyatenganishe hayo mawili, ama nipende bila kukumbuka au nikumbuke bila kutazama, ananitaka nione nusu.

Wabelgiji wenyewe walilijua hilo kwa uchungu. Mwezi Mei 2006, mjini Antwerp, kijana mbaguzi alinunua bunduki ya kuwindia dukani na siku hiyohiyo akamuua mwanamke mjamzito kutoka Mali pamoja na mtoto mdogo wa Kibelgiji aliyekuwa akimlea. Sheria mpya ya silaha, iliyokuwa ikijadiliwa bila haraka, ilitiwa saini tarehe 8 Juni mwaka huohuo. Mzee wa Bukavu alinisimulia hayo mwenyewe, hapohapo mezani kwake, na akaniambia kwamba alikubaliana nayo ingawa ilimfungia nusu ya biashara.

9. Kabla ya kuichoma, iandike

Nchi zetu zina desturi mpya na njema ya kuteketeza silaha haramu hadharani. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 juu ya silaha ndogondogo, ambayo Rwanda ni mojawapo ya nchi zilizoitia saini, inazitaka serikali zitie alama silaha zao, ziweke kumbukumbu zake, na ziharibu zile zilizozidi na zilizokamatwa. Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Niliona picha za lile rundo, na nilifurahi kama ndugu yeyote wa mtu aliyepigwa risasi angefurahi.

Ila fundi ndani yangu aliendelea kutazama picha. Katika rundo kubwa namna ile, lililokusanywa mipakani na vijijini, hukosi kupata gobori la zamani, au Mauser ya askari wa Kijerumani, au rivolva iliyotelekezwa na ofisa fulani mwaka 1916. Magobori yanatumika hadi leo kwa ujangili na ujambazi, hayo yaende motoni. Ninachoomba ni kidogo: mtu mmoja wa makumbusho asimame kando ya polisi kabla moto haujawashwa, akiwa na lenzi, kamera na daftari. Apige picha chapa, nambari, mpini. Aulize imepatikana wapi na kwa nani. Kile chenye historia nzito kizibwe mtutu, kikatwe pini ya nyundo kisifyatuke tena, kipelekwe kwenye kisanduku cha kioo. Kingine chote kiungue, jina lake likiwa limebaki.

Na kwa familia za hapa Kigali zinazobomoa nyumba za zamani Nyamirambo na kwingineko: ukikuta chuma cha namna hiyo kwenye dari au ndani ya sanduku la marehemu, usikiguse, usikisugue, wala usimwite fundi saa. Watoe watoto nje, upige simu polisi. Wakija, waeleze kilikuwa cha nani na kiliingiaje nyumbani, kama kuna anayejua. Kama kuna picha ya babu akiwa na sare, itoe nayo, wapate kuandika yote mawili pamoja.